Mpango umepitishwa, mtumiaji hayumo: kutafuta maamuzi ya usanifu yaliyorukwa kwenye andiko la programu

Andiko la programu linaweza kuwa na bajeti, ratiba, orodha ndefu ya kazi za mfumo na mchoro wa seva, likapita kikaoni bila swali, na bado likawa halijasema popote mtu akifungua simu yake ataona nini. Ninaposema maamuzi ya usanifu wa matumizi nina maana hii: nani anashika kifaa, anaanzia wapi, anabonyeza nini, anaambiwa nini mambo yakienda kombo, na anarudije nyuma akikosea. Rangi na nembo ni sehemu ndogo sana ya kazi hiyo.

Mambo haya yasipoamuliwa kwenye mpango, yataamuliwa tu baadaye. Mhandisi atafika mahali andiko limenyamaza, kazi inatakiwa kesho, ataweka anachoona kinafaa na kusonga mbele. Hana kosa, amejaza pengo aliloachiwa. Ubaya ni kwamba uamuzi huo hakuna aliyeujadili, na wa kwanza kuugundua atakuwa mkulima aliyepanga foleni.

Mwongozo huu nauandika kwa yeyote aliyeletewa andiko alipitie kabla fedha hazijatoka. Anaweza kuwa afisa TEHAMA wa halmashauri, kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akaanzisha kampuni na wenzake, au meneja wa chama cha ushirika anayeombwa saini. Mfano nitakaoutumia mwanzo mpaka mwisho ni wa kubuni: mfumo wa kupokea alizeti na mahindi kwenye ghala moja wilayani Kongwa, si mbali na soko la nafaka la Kibaigwa. Mkulima analeta magunia, karani anapima, stakabadhi inatolewa, malipo yanaingia kwenye simu. Ni mfumo rahisi kueleza, na ndiyo maana mapengo yake hayaonekani haraka.

## Dalili: kila sentensi mtendaji wake ni "mfumo"

"Mfumo utawezesha usajili wa mzigo." "Mfumo utatoa taarifa kwa wakati." "Mfumo utaruhusu malipo kwa njia ya simu." Ukikuta ukurasa mzima wa namna hii, jua andiko limezaliwa na orodha ya kazi, mara nyingi hadidu za rejea za zabuni. Hadidu za rejea huuliza mfumo unafanya nini, na aliyeandika amejibu alichoulizwa. Binadamu hajaulizwa, kwa hiyo hajatokea.

Namna ya kupima ni hii. Chukua sentensi moja, futa neno "mfumo", weka mtu, mahali na saa. "Mfumo utawezesha usajili wa mzigo" inakuwa: karani amesimama kando ya mizani, ni saa tano asubuhi, mbele yake kuna mkulima mwenye magunia 12, na nyuma ya mkulima huyo wapo wengine wanaongoja. Sasa sentensi ile ile inakuuliza maswali. Karani anaingiza uzito wa kila gunia, au anasubiri jumla? Mizani inabeba magunia mangapi kwa mkupuo? Jumla anaiona ikipanda kadiri anavyoandika, au mpaka amalize? Mkulima anaionaje namba hiyo: anageuziwa simu, au anasomewa na kuamini? Gunia la saba limekutwa na mchanga, limekataliwa. Je, mstari wake unafutwa, au unabaki na alama kwamba limekataliwa na sababu yake, ili mkulima akirudi kulalamika pawe na kumbukumbu? Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, itaandikwaje, ikiwa fomu inahesabu magunia na bei inakwenda kwa kilo?

Kisha lipo swali ambalo sijaona andiko linalolijibu lenyewe bila kusukumwa. Karani ameandika 870 badala ya 780. Anaweza kusahihisha mwenyewe? Mpaka lini? Nani ataona kwamba amesahihisha? Hapo usanifu na fedha vimeshikana, huwezi kuvitenganisha. Msimamo wangu ni kwamba karani asahihishe kwa uhuru mpaka stakabadhi itoke. Ikishatoka, marekebisho yahitaji mtu wa pili, na namba ya zamani ibaki ikionekana, imekatwa mstari, pamoja na jina la aliyebadilisha. Timu nyingine inaweza kuamua tofauti. Ninachokataa ni kuacha jambo hilo bila kuandikwa, kwa sababu mhandisi asipoambiwa kitu ataweka kitufe cha "Hariri" kwa kila mtu.

Huna haja ya kupitisha kila sentensi kwenye kipimo hiki. Anza na zile zinazogusa uzito, fedha na utambulisho wa mtu.

## Dalili: andiko lina "mtumiaji" mmoja

Kwenye mfano wetu kuna watu wanne wasiofanana hata kidogo. Karani ana simu janja ya ofisi. Mhasibu ana kompyuta. Mwenyekiti wa chama anataka jumla ya siku kabla hajaingia kwenye mkutano. Mkulima ana kitochi, simu ndogo ya vitufe, na hataifungua programu hii maisha yake yote. Andiko linapowaita wote "mtumiaji", huyo wa mwisho ndiye anayepotea, ingawa mzigo ni wake.

Chanzo ni kudhani kwamba mtumiaji ni yule mwenye akaunti na nywila. Mkulima anakutana na mfumo kupitia ujumbe mfupi tu. Basi ujumbe huo ndio skrini yake, na unastahili kusanifiwa kama skrini. Andiko linalosema "mkulima atapokea taarifa kwa SMS" bado halijasema kitu. Dai maneno yenyewe yaandikwe, kwa mfano:

"Tumepokea alizeti yako: magunia 12, kilo 780. Stakabadhi 04417. Malipo Ijumaa 14/6 kabla ya saa 10 jioni. Kama kilo si sahihi, mwone karani leo."

Ujumbe huo una herufi 144, nafasi na alama zikiwemo. SMS moja inabeba herufi 160, kwa hiyo umeenea. Lakini zipo herufi ambazo zikiingia tu, ujumbe unabadilishiwa mfumo wa herufi na nafasi inashuka mpaka 70. Emoji ni mojawapo. Nyingine ni ile alama ya kudondosha iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe unapoandika "ng’ombe" au jina la kata ya Ng’hong’hona hapa jijini Dodoma. Mtu amenakili maneno kutoka kwenye barua, ameyabandika kwenye mfumo, na kila ujumbe umekuwa SMS mbili au tatu badala ya moja. Gharama ya msimu mzima inapanda bila mtu kujua sababu. Uamuzi wa kutumia alama iliyonyooka unachukua mstari mmoja kwenye andiko.

Ikiwa mkulima ataangalia mwenyewe kwa kupiga namba yenye nyota na reli, kipimo kingine kinaingia: ukurasa mmoja wa menyu hiyo unabeba herufi 182. Menyu ya mambo manane haitaingia. Waulize wenye mpango: mambo matatu ya kwanza ni yapi, na mkulima akikatika katikati anaanza upya au anaendelea alipoishia?

Jambo dogo ninalopenda kuliangalia hapa ni mwisho wa ujumbe. Ujumbe unaotaja namba bila kusema nini kifanyike ikiwa namba hiyo si sahihi unamwacha mtu na wasiwasi tu.

## Dalili: kila safari inaishia "muamala umekamilika"

Hii ndiyo dalili inayoleta hasara kubwa kuliko zote, nami nitakaa hapa kidogo.

Ukisoma sehemu ya malipo utakuta hatua zinatiririka: mhasibu anachagua wakulima, anabonyeza "Lipa", fedha inaingia, muamala umekamilika. Chanzo ni kwamba aliyeandika ameona onyesho la majaribio, ambako kila kitu hukubali. Kwenye kazi halisi, ombi la malipo lina matokeo matatu. Limekubaliwa. Limekataliwa, na sababu inajulikana: namba haipo, mfuko hauna salio la kutosha, akaunti ya mpokeaji imefikia kikomo. La tatu ni ukimya. Ombi limetumwa, jibu halijarudi. Fedha inaweza kuwa imefika, inaweza kuwa haijafika.

Maandiko mengi yana la kwanza, machache yana la pili, la tatu ni nadra. Na ukimya ndio unaomfanya mhasibu abonyeze "Lipa" mara ya pili. Tuseme bei ni shilingi 800 kwa kilo: kilo 780 ni shilingi 624,000. Zikitoka mara mbili, kuna mtu atalazimika kwenda kijijini kumwomba mkulima arudishe fedha ambayo huenda ameshanunulia mbegu au kulipia ada ya shule.

Mhandisi ataliona tatizo hili upande wake na kulishughulikia: kila ombi lipewe namba yake ya kipekee, ili likitumwa mara mbili lihesabiwe moja. Ni vizuri, andiko lilitaje. Ila ulinzi huo haumwambii mhasibu chochote. Macho yake bado yako kwenye kitufe. Kwa hiyo unapopitia mpango, dai majibu ya haya:

Kitufe cha "Lipa" kinabadilika kuwa nini mara baada ya kubonyezwa? Malipo yaliyo kwenye ukimya yanaitwaje kwenye orodha? Mimi ningeandika "Inasubiri uthibitisho", kwa rangi yake na alama yake, tofauti kabisa na "Imeshindikana". Yanasubiri muda gani kabla ya kuwa kazi ya mtu fulani kufuatilia, na mtu huyo ni nani? Nani anaruhusiwa kutuma upya? Na mkulima aliyeahidiwa Ijumaa anaambiwa nini ikifika Ijumaa jioni ukimya haujaisha? Kumwacha bila ujumbe ni uamuzi pia, tena mbaya.

Ongeza na swali la jina. Mitandao ya fedha ya hapa kwetu, M-Pesa na wenzake, imetuzoesha kuona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Kwenye mpango wetu, jina la kwenye laini likija tofauti na jina la kwenye daftari la chama, nini kinatokea? Mara nyingi laini imesajiliwa kwa jina la mtoto au mwenza, na hakuna udanganyifu wowote. Ukiamua kwamba mfumo ukatae, utawanyima malipo watu halali. Ukiamua upitishe tu, umefungua mlango. Njia ya kati ni mkulima kukubali jina hilo mbele ya karani siku ya kujisajili, likaandikwa, na lisihojiwe tena mpaka namba ibadilike.

Halafu makato. Fedha iliyoingia ni 624,000, lakini mkulima akienda kwa wakala anatoka na pungufu. Chama kinabeba ada ya kutolea au hakibebi? Ujumbe wa malipo useme wazi, maana mkulima atalinganisha fedha aliyoshika mkononi na hesabu yake ya kilo, na tofauti yoyote ataiona kama wizi.

Kuhusu kusubiri kwenyewe, vipo vipimo vya muda mrefu, tangu maandishi ya Robert Miller mwaka 1968, ambavyo Jakob Nielsen alivieneza tena mwaka 1993. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huliona la papo hapo. Likija ndani ya sekunde 1, mawazo yake hayakatiki. Likipita sekunde 10, macho yameshahama. Malipo ya simu hupita hapo kwa urahisi. Andiko lisiishie kwenye kiduara kinachozunguka. Liseme mhasibu anaweza kuendelea na kazi gani nyingine huku jibu likisubiriwa.

## Dalili: "itafanya kazi hata bila mtandao", nukta

Sentensi hii moja imebeba maamuzi kama manne. Karani akiwa hana mtandao, anaruhusiwa kufanya nini: kupokea mzigo tu, au hata kutoa stakabadhi? Kama anatoa stakabadhi, namba yake inatoka wapi ili isigongane na ya karani wa mizani ya pili? Anajuaje kwamba mizigo 15 bado imo kwenye simu na haijafika ofisini? Makarani wawili wamesahihisha taarifa za mkulima yule yule, kila mmoja kwenye simu yake; mtandao ukirudi, ya nani inabaki?

Na simu ikipotea au ikiangukia maji kabla data haijatumwa? Hili huwa linajibiwa kwa kimya, kisha daftari la karatasi linarudi kinyemela. Mimi sina ugomvi na daftari. Ikiwa jibu ni kwamba karani aandike pia kwenye daftari la nakala mbili, iandikwe kwenye mpango, muda wake uhesabiwe kwenye foleni, na safu za daftari zifuate mpangilio ule ule wa skrini ili kuhamisha kusiwe mateso.

## Dalili: orodha ya kujaza imenakiliwa kutoka fomu ya karatasi

Utaijua kwa urefu wake: jina la kwanza, la kati, la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kijiji, kata, tarafa, simu, simu mbadala, barua pepe. Karatasi inavumilia nafasi tupu. Skrini yenye nyota nyekundu kwenye kila kisanduku haivumilii, na karani mwenye foleni ataandika "xxx" ili apite.

Kwa kila kisanduku uliza: kinatumika kufanya nini, na mtu asiye nacho anafanyaje? Swali la kwanza lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linaloeleweka, zisizidi mahitaji. Barua pepe ya mkulima ambayo hakuna atakayeiandikia haina sababu ya kuwepo.

Namba ya NIDA ni mfano mzuri wa kisanduku kinachoonekana hakina cha kuamua. Ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho imeandikwa kwa mafungu ya 8, 5, 5 na 2 yaliyotenganishwa kwa vistari. Je, karani aandike vistari au asiandike? Ukimwachia aamue, nusu ya rekodi zitakuwa na vistari na nusu hazina, na mkulima mmoja ataonekana wawili. Andiko liseme: mfumo unapokea vyote, unahifadhi tarakimu tupu, na skrini inajipangia mafungu yenyewe ili macho yaweze kulinganisha na kadi. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Basi kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa kinaweza kuondoka, na mwezi wa 13 ukionekana mle ndani, karani aambiwe hapo hapo akague upya.

Namba ya simu nayo ina mtego wake. Mipango mingi huifanya kuwa kitambulisho cha mtu: namba moja, mtu mmoja. Kwenye kaya ambako simu ni moja, mama na mwanawe wenye mashamba tofauti hawawezi kusajiliwa wote. Kubadili hili mfumo ukiwa tayari unafanya kazi ni ghali mno, kwa sababu kila jedwali limejengwa juu yake. Ukilikuta, lisimamishe kwanza kabla hujasoma kurasa nyingine.

Na majina. Jaribu kuandika Ng'hong'hona kwenye kisanduku ambacho mhandisi amekiwekea sharti la "herufi pekee". Kitakataa, na ujumbe utakuwa "Taarifa si sahihi". Mkazi wa Dodoma ameambiwa jina la kwao si sahihi. Uamuzi huu ni wa mstari mmoja: alama ya kudondosha ikubaliwe kwenye majina yote.

## Dalili: michoro ya skrini inapendeza na hakuna mwenye swali

Michoro iliyokamilika mapema hutuliza kikao. Angalia data iliyomo: kila mkulima ana jina fupi la maneno mawili, kila kiasi kina tarakimu tano, kila orodha ina mistari minane iliyojaa. Chanzo ni data ya mfano iliyochaguliwa kwa ajili ya kupendeza.

Dawa yake ni ya haraka. Omba skrini zile zile zichorwe upya zikiwa na jina la maneno manne, kiasi cha shilingi 12,480,000, orodha isiyo na mkulima hata mmoja, na orodha yenye wakulima 900. Orodha tupu ndiyo skrini ya kwanza kabisa ambayo karani ataiona siku ya uzinduzi, nayo huwa haijachorwa. Iseme nini? "Hakuna data" inamfanya adhani mfumo umeharibika. "Hakuna mzigo uliopokelewa leo. Bonyeza hapa kupokea wa kwanza" inamwanzishia kazi.

Angalia pia visanduku vya uthibitisho. Nimeshakuta swali "Ghairi muamala?" likiwa na vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa". Mtu akibonyeza "Ghairi", ameghairi muamala au ameghairi kughairi? Vitufe virudie tendo lenyewe: "Futa muamala" na "Usifute". Maneno ya skrini yawe na mwenyewe aliyetajwa kwa jina kwenye andiko, la sivyo yataandikwa na kila mhandisi kwa namna yake, na mzigo utaitwa mzigo ukurasa huu, bidhaa ukurasa ule.

## Saa, tarehe na jua

Haya nayapitia haraka kwa sababu hujibika kwa dakika chache, ila yasirukwe.

Andiko likisema "malipo saa 10:00", uliza ni asubuhi au jioni. Kompyuta ya mhasibu itaandika 16:00 na mkulima atasema saa kumi jioni. Mmoja akisoma 10:00 kwa hesabu ya mwingine, saa sita zimepotea. Mfumo uhifadhi saa 24 kwa ndani, lakini kila kinachosomwa na mkulima kiandikwe kwa saa zetu na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku lisikosekane. Tarehe 6/7 nayo iwe na mpangilio mmoja kila mahali, siku ikitangulia.

Mizani iko nje. Jua la kati ya Mei na Agosti hapa Dodoma halina wingu la kulipunguza, na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayasomeki. Kiwango cha kimataifa cha ufikivu kinataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake. Kwa kazi ya nje, dai zaidi ya hapo. Vitufe vya Android vinapendekezwa visipungue dp 48 kwa 48 (dp ni kipimo cha skrini cha Android), na karani mwenye vumbi mikononi atashukuru vikizidi.

Tazama na ratiba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na mavuno hufuata baada yake. Mpango unaoweka majaribio mwezi Februari utajaribiwa ghala likiwa tupu, na foleni ya kweli itakuwa siku ya kwanza ya matumizi. Kama tarehe haibadiliki, basi majaribio yaigize foleni: watu, magunia, mizani, na mtandao umezimwa makusudi.

## Dalili ya kikaoni: "hilo tutaliona mbele ya safari"

Wakati mwingine ni jibu sahihi, na mkaguzi anayedai kila kitu kiamuliwe leo atachosha watu mpaka waache kumsikiliza. Mpangilio wa vitufe, rangi, mahali pa menyu: haya yanabadilishika kwa siku moja, yaache. Yasiyosubiri ni yale yanayojengewa msingi. Kitambulisho cha mtu ni nini? Nani anaruhusiwa kusahihisha? Malipo yenye ukimya yanaendaje? Nini kinafanyika bila mtandao? Mkulima anaambiwa nini na kwa njia gani? Nimeona timu zikibishana nusu saa juu ya kijani cha nembo, huku swali la simu moja ya kaya nzima likiahirishwa kwa sekunde.

Jibu la "tutaliona mbele" likitolewa kwa jambo la kundi hili la pili, usigombane. Fungua jedwali mwishoni mwa andiko lenye safu nne: jambo lisiloamuliwa, nani ataamua, kabla ya tarehe gani, na nini kitasimama lisipoamuliwa. Safu ya nne ndiyo inayofanya kazi. Mtu akiandika kwa mkono wake kwamba sehemu ya malipo haitaanza kujengwa mpaka jina la laini liamuliwe, uamuzi huja ndani ya wiki.

Andiko likirudi limerekebishwa, usilisome mezani tena. Mtafute karani wa kweli, hata kama ni wa ghala jingine, mwekee skrini zilizochorwa kwenye karatasi kando ya mizani, mpe magunia matatu na kalamu, na mwache apokee mzigo kwa kugusa karatasi huku wewe ukimbadilishia kurasa. Usimsaidie. Anapokwama na kuuliza "sasa hapa nafanyaje?", andika swali lake kama alivyolisema kwenye safu ya kwanza ya lile jedwali, na usiondoke ghalani kabla safu ya pili haijapata jina la mtu.